Msuli wa Bibi

Wengine mmekuwa mkipita hapa mnakuta habari ile ile ya mwezi wa sita, mnaondoka zenu. Kimya kilikuwa cha kazi. Nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, nikapangiwa shule moja ya sekondari pale Same mjini. Wiki nane za chaki, maandalio ya somo na lile jua la Same ambalo kila aliyewahi kushuka kwenye basi pale saa saba mchana analijua. Sasa nimerudi Mlimani, bumu halijatoka, basi muda wa kuandika upo.

Leo siandiki habari za wanafunzi wangu wa kidato cha pili, hizo zitakuja. Leo naandika kuhusu wazee kuanguka. Subirini kwanza, msifunge ukurasa! Najua kwa umri wetu kuanguka ni jambo la kuchekana pale kwenye ngazi za kafeteria. Lakini kila anayesoma hapa ana bibi au babu mahali fulani, na siku moja simu itapigwa usiku.

Hapa chuoni tukisema mtu "anapiga msuli" tuna maana amekesha na vitabu. Kumbe kuna msuli mwingine, ule wa paja. Mzee akiupoteza huo anapoteza kwenda chooni mwenyewe, anapoteza shamba, kanisa au msikiti, na mwisho anapoteza nyumba yake. Na kilichoniingia akilini msimu huu ni kwamba mara nyingi wanaompokonya msuli huo ni watu wanaompenda. Wanamwambia: "Kaa, bibi. Tulia."

Kwa wasiopajua kwetu, Upareni siyo ile Same mnayoiona dirishani kwenye basi, yenye vumbi na miti ya miiba. Ukitoka mjini ukapanda kupitia Mwembe hadi Mbaga unaingia nchi nyingine kabisa. Migomba, ukungu, udongo mwekundu, nyumba zimejishikilia ubavuni mwa mlima kama mbuzi. Hakuna anayekwenda kwa jirani kwa njia tambarare, ni kupanda au kushuka. Wakati wa masika udongo ule unakuwa sabuni. Huko ndiko aliko bibi yangu, mama mzaa baba, mwenye miaka 78 kwa hesabu yake mwenyewe.

Mwezi wa nne mwaka huu aliteleza akitoka kumkatia ng'ombe majani. Akajikinga kwa mkono, kifundo kikavunjika. Akafungwa hogo, akarudi nyumbani. Mkono ukapona vizuri tu. Kilichoharibika ni miguu, ambayo haikuguswa na kitu! Ukoo mzima, kuanzia Dar hadi Arusha, ulitoa amri kwenye kundi la WhatsApp kwamba bibi asifanye kazi yoyote. Ng'ombe akahamishiwa kwa baba mdogo. Maji akaletewa. Akawekewa kiti barazani na mto wa kuegemea. Nilipopanda kumwona mwezi wa saba nilimsalimia, "Shikamoo bibi," akaitikia, kisha akataka kuinuka anikumbatie. Hakuweza. Alishika mikono ya kiti, akajaribu mara mbili, ya tatu nikamvuta mimi. Miezi mitatu tu, jamani.

Hili wataalamu wanalieleza hivi. Misuli ya mwanadamu huanza kupungua taratibu tangu utu uzima wa kati, na baada ya miaka 60 inapungua kwa kasi zaidi. Mzee akilala au kukaa muda mrefu kasi hiyo inaongezeka mno. Akishaanguka mara moja anaingiwa na hofu, hofu inamkalisha, kukaa kunamdhoofisha, na udhoofu unamwangusha tena. Akina mama wana mzigo wa ziada, kwani hedhi ikishakoma mifupa hupoteza uimara haraka. Ndiyo maana kijana akianguka anachubuka, bibi akianguka anavunjika.

Mwaka huo huo, kijiji cha jirani, mama mmoja mzee alitoka usiku kwenda chooni. Choo kiko nyuma ya nyumba, njia ina mawe, na tochi ilikuwa kwa wajukuu. Akaanguka, akavunjika nyonga. Wanaume walimbeba kwa machela ya miti na blanketi hadi kwenye barabara. Hakusimama tena, na miezi miwili baadaye tukamzika. Msibani kila mtu alisema siku zake zilikuwa zimefika. Mimi sibishani na Mungu. Ila nilijiuliza kimoyomoyo: na ile tochi je?

Sasa rudi kwetu. Mwezi wa saba kilikaliwa kikao cha familia. Hoja ilikuwa kumshusha bibi Same mjini, kwa baba mkubwa, ambako kuna nyumba nzuri, sakafu ya marumaru, choo cha ndani na msichana wa kazi. Bibi akasikiliza yote. Kisha akasema kwa upole, "Mnataka nikafie kwenye joto, nikiangalia ukuta?" Baba mkubwa akachukia kidogo, na ninamwelewa, maana ndiye atakayepigiwa simu ya usiku. Shangazi akalia. Mimi kama mjukuu sina kura pale, lakini niliomba ruhusa ya kusema. Nikasema tusiamue leo. Tupeni hadi Desemba, watu wakija kula Krismasi tutaona kama miguu imerudi. Wakakubali, kwa shingo upande.

Baada ya hapo ikabidi nisome. Na hapa naomba mnivumilie na takwimu kidogo, siyo nyingi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo ni katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Katika vifo vya ajali, kuanguka ni cha pili baada ya ajali za barabarani. Ajali za mabasi tunazijadili mpaka bungeni. Hizi nyingine tunazizika kimya kimya.

Habari njema ni kwamba jambo hili linazuilika. Mwaka 2019 watafiti waliunganisha tafiti 108 zenye washiriki zaidi ya 23,000 kutoka nchi 25. Wazee waliopewa mazoezi walianguka mara chache zaidi kwa asilimia 23 kuliko wenzao. Yaani pale ambapo wangeanguka mara 100, walianguka mara 77. Na siyo mazoezi yoyote. Yaliyofanya kazi ni ya kusimama bila kuyumba na ya vitendo vya kila siku, kama kuinuka kitini, hasa yakichanganywa na ya kutia nguvu miguuni. Kutembea peke yake hakukuonyesha matokeo ya kuaminika. Miaka ya 1990 huko New Zealand walitengeneza programu iitwayo Otago, ambayo mzee anaifanyia nyumbani kwake, nusu saa mara tatu kwa wiki, pamoja na kutembea. Katika utafiti wao wa 1997 walianza na akina mama wa miaka 80 na kuendelea. Miaka 80! Na sisi wa 78 tumemwekea mto.

Kwa nini inafanya kazi? Tuna methali, kuteleza si kuanguka. Mimi nilidhani ni ya kufarijiana tu baada ya matokeo ya UE. Kumbe ni sayansi kamili. Kila mtu anateleza, hata wewe. Tofauti ni kinachotokea katika ile nusu sekunde inayofuata. Macho, sikio la ndani na nyayo zinaupa ubongo taarifa, ubongo unautupa mguu mbele, na paja linapokea uzito wote. Paja likiweza, umeteleza. Likishindwa, umeanguka. Mazoezi hayaondoi utelezi wa Mbaga. Yanaifundisha ile nusu sekunde.

Neno hilo, "kufundisha", ndilo lililoniamsha. Mimi nasomea ualimu, nikajiona nimekabidhiwa darasa.

Lakini utawafundishaje akina bibi waliokuzidi miaka 55? Ukisimama mbele yao na kuanza "malengo ya somo la leo", wanakuangalia tu kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Jibu alinipa bibi mwenyewe. Jioni moja tukila makande aliniuliza, "Sasa kwa nini msifanye kama zamani, kwenye kikundi cha redio?" Nikamuuliza redio gani, ndipo akanisimulia Mtu ni Afya.

Wanaosoma elimu ya watu wazima wanaijua kwenye madesa. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya wiki 12 nchi nzima. Watu wapatao milioni 2 walikaa kwenye vikundi, wakasikiliza kipindi redioni, wakasomewa kijitabu, wakajadili, kisha wakaenda kutenda, ikiwa ni pamoja na kuchimba vyoo. Bibi alikuwa mama mdogo wakati huo, mtoto mgongoni. Alichokumbuka siyo maneno ya redio. Alikumbuka kwamba baada ya kipindi kiongozi aliuliza, "Sisi hapa tutafanya nini?" na hakuna aliyeondoka bila kujibu.

Tukafanya hivyo hivyo. Jumapili baada ya ibada, akina bibi kumi na wanne na babu mmoja jasiri walikaa chini ya mti nje ya kanisa. Mhudumu wa zahanati aliombwa aje, akawapima presha kwanza, na wawili wenye kizunguzungu wakaambiwa waonane na daktari kabla ya kuanza. Sikutoa hotuba. Niliuliza, "Nani ameanguka tangu mwaka jana?" Kimya. Watu wanaona aibu, wanaogopa watoto watasikia na kuwakalisha. Bibi yangu akainua ule mkono uliovunjika. Mmoja akafuata. Mwisho wakawa zaidi ya nusu.

Kisha nikauliza: wapi? Wadau, hapo ndipo nilipogundua mwalimu ni nani. Kizingiti cha jikoni. Njia ya chooni usiku. Kitenge kirefu kilichokanyagwa wakati wa kuinuka. Kandambili zilizolika soli. Kushuka kwenye bodaboda. Kuamka ghafla kwenda kufungua mlango. Paka! Ndani ya nusu saa tulikuwa na orodha ndefu kuliko kijitabu chochote nilichokisoma.

Halafu swali la bibi: sisi hapa tutafanya nini? Hawakungoja mfadhili. Walikubaliana wajukuu wachimbe vidato kwenye njia ya choo na kuvishikiza kwa mawe, na nguzo mbili za kushikia zisimikwe ndani, maana kuchuchumaa na kuinuka ni mtihani kwa magoti ya zamani. Tochi ya sola ilale chini ya mto wa mzee, siyo kwa watoto. Kandambili zilizolika zitupwe, kivaliwe kiatu kinachoshika kisigino. Kabla ya kutoka kitandani usiku, kaa ukingoni, hesabu hadi ishirini, ndipo usimame. Mkongojo ukatwe ufike kwenye kifundo cha mkono ukiwa umesimama wima, na chini upigiliwe kipande cha tairi la zamani ili usiteleze. Nyie mnaotutania Wapare kwa ubahili, furahini sasa. Kitu cha bei kubwa kuliko vyote hapo ni tochi.

Mazoezi yenyewe ni haya, mnaweza kuwapelekea wenu. Kuinuka kwenye kiti bila kutumia mikono, na kukaa polepole, mara kumi; anayeshindwa aanze na mikono. Kushika mgongo wa kiti au ukuta na kusimama kwa vidole, kisha kwa visigino. Kusimama mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, ukiwa karibu na kitu cha kushika. Kusimama mguu mmoja, sekunde chache, kisha mwingine. Kutembea kiubavu kama kaa. Siku tatu au zaidi kwa wiki, ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyopendekeza kwa wazee tangu 2020. Jumapili niliongoza mimi. Jumanne na Alhamisi aliongoza mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na bado anaongoza hadi leo, kwa sauti ile ile ya mchakamchaka.

Kulikuwa na upinzani, tena wa maana. Baba mdogo alisema wazee wa milimani wana mazoezi tayari, wanapanda na kushuka maisha yao yote, haya ni mambo ya Wazungu wanaoshinda ofisini. Ni kweli nusu. Mzee anayelima na kupanda mlima kila siku ana miguu ambayo mimi wa hapa Mlimani siwezi kushindana nayo. Lakini mlima unamfaa aliyesimama. Aliyekwisha kaa, kwa kuvunjika, kwa malaria au kwa amri ya ukoo, mlima haumpi ngazi ya kurudia. Anahitaji kitu kidogo kuliko mlima, na kiti kinatosha. Ni kweli pia kwamba tafiti nyingi zimefanyika nchi tajiri, kwenye sakafu zilizonyooka. Hiyo kwangu ni sababu ya kuwashirikisha wazee wetu kupanga, siyo sababu ya kuwaacha.

Shangazi yeye alikuja na methali, mwenda pole hajikwai. Nikamwambia bibi anakwenda pole kwa sababu miguu imechoka, na mguu uliochoka hauinuki vizuri, unaburuza. Unaoburuza ndio unaojikwaa. Methali hiyo inawafaa vijana wenye haraka!

Na wala siyo jambo la ajabu kwa Waafrika. Zanzibar kila tarehe 1 Januari vikundi vya mazoezi hutoka barabarani. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchini. Kule Limpopo, Afrika Kusini, kuna timu ya soka ya akina bibi, Vakhegula Vakhegula. Niliwaonyesha video yake kwenye simu. Walicheka mpaka mmoja akashika mbavu, kisha akauliza, "Golikipa ana miaka mingapi?" Wiki iliyofuata hakuna aliyekosa.

Sera ya Taifa ya Wazee ilitoka mwaka 2003, na inamtambua mzee kuwa mwenye miaka 60 na zaidi. Sensa ya 2012 iliwahesabu wapatao milioni 2.5. Wazee wengi namna hiyo hawawezi kungoja wataalamu wa viungo wapande milima yote. Ila walimu tupo kila kata. Kama mwaka 1973 watu wengi walifundishwa kwa redio na kiongozi aliyejua kusoma tu, mwalimu wa leo mwenye simu anashindwa nini?

Bibi sasa vipi? Siwezi kuwaambia hajayumba, wala kwamba hataanguka tena. Wiki ya mwisho kabla sijashuka aliinuka kwenye kiti bila mikono mara sita mfululizo, ya saba akakaa akacheka. Anakwenda kanisani kwa miguu na mkongojo wenye tairi. Ng'ombe bado yuko kwa baba mdogo, na kila siku anamdai. Baba mkubwa hajasema ndiyo wala hapana, kasema tu, "Tutaona Desemba." Mto wa barazani amelalia paka.

Ombi langu kwenu ni dogo. Likizo hii ukifika nyumbani, ukishatoa shikamoo, usikimbilie kumwambia bibi akae. Mwombe ainuke kitini bila kushika kitu, wewe ukiwa karibu. Tembea naye njia ya chooni usiku, uone anachokiona. Kisha muulize ameanguka lini mara ya mwisho, na usimwambie mtu mwingine kabla hujamwambia yeye utamsaidiaje. Aliye na kikundi kijijini kwao, au wazo bora kuliko langu, aniandikie, nitaliweka hapa watu wote wasome. Na Wapare wenzangu wa Gonja, Suji, Chome, Vudee na Mamba, mkipanda Desemba tutafutane. Vidato vya choo havichimbwi na mtu mmoja.

Naomba kutoa hoja.